Beetle imelala nyuma kushoto: usiguse tosheni baa kabla hujapima hivi

Mkuu, umeandika kwamba Volkswagen Beetle yako ya 1966 imelala nyuma kushoto, kwamba ukipima kutoka sakafuni hadi ukingo wa madigadi upande huo uko chini kwa karibu sentimita tatu, na kwamba umeshapewa ushauri wa aina mbili. Mmoja kakwambia funga shokapu zenye springi juu yake zinyanyue gari. Mwingine kakwambia zungusha tosheni baa (nondo ya chuma inayofanya kazi ya springi) jino moja, basi, kazi imekwisha. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu gari langu ni la mwaka huohuo, lilikuwa na ugonjwa huohuo, upande huohuo, na mimi nilizifuata njia zote mbili kabla sijashika adabu.

Ya shokapu nitaimaliza haraka. Kwenye gari hili shokapu kazi yake ni kutuliza mtikisiko, si kubeba. Mahali inapofungwa juu hapakuundwa kukaa na uzito wa gari siku nzima. Mimi nilizifunga, gari likanyanyuka kweli, likawa linaruka kwenye kila shimo kama kiti cha mbao, na bado lililala kushoto. Nikazifungua.

Sasa tuje kwenye futi ya kupimia, maana hapo ndipo nilipopotea zaidi. Siku ya kwanza nilipima kama ulivyopima wewe, sakafuni hadi ukingo wa madigadi, nikapata tofauti ya milimita 32. Hadi namaliza kazi, katika hizo 32 upande wa springi ulikuwa na hatia ya 14 tu. Zilizobaki zilikuwa mahali pengine kabisa, na kama ningezungusha nondo kwa hesabu ya 32, leo gari lingekuwa limelala kulia.

Milimita 5 zilikuwa za tairi. Tairi zangu mbili za nyuma zilikuwa na saizi moja iliyoandikwa ubavuni, lakini za kampuni mbili tofauti, moja imelika kuliko nyingine, na upepo haukuwa sawa. Milimita 10 zilikuwa za madigadi yenyewe. Kumbuka madigadi ya Beetle hayajachomelewa, yamefungwa kwa boliti, na gari la umri huu ni nadra kuwa na madigadi yote manne ya kiwandani. La kwangu la kushoto lilishabadilishwa na mtu kabla yangu, na ukingo wake umekatwa chini zaidi ya mwenzake. Ukisimama nyuma ya gari macho yanakwambia limelala, kumbe madigadi ndiyo yaliyolala. Milimita 3 nyingine zilitoka mbele, na hizo nitazieleza hapo chini.

Kwa hiyo usipime kutoka sakafuni, wala usipime hadi kwenye madigadi. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi kwenye boliti ya juu kabisa ya madigadi. Nati ya boliti ile imeshikamana na bodi yenyewe, kwa hiyo haihami hata ukibadilisha madigadi mara kumi. Tumia rula ndefu na pimamaji kuhamisha alama hadi iwe wima juu ya katikati ya rimu. Ukipima hivi tairi linatoka kwenye hesabu, na madigadi yanatoka kwenye hesabu. Unabaki na kitu kimoja tu, yaani springi imekaa wapi.

Sakafu nayo usiiamini kwa sababu inaonekana imenyooka. Nilichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikaujaza maji, nikaweka ncha moja gurudumu la kushoto na nyingine la kulia, nikasoma usawa wa maji. Kama huna mpira, pima gari, kisha ligeuze, mbele iwe nyuma, magurudumu yakae kwenye alama zilezile, upime tena. Kama ulalo umehama upande, mwenye kosa ni sakafu.

Kabla ya kila kipimo lisukume gari mbele na nyuma mita kadhaa, halafu likandamize bampa mara tatu nne uliachie. Ekseli ya nyuma ya gari hili ni ya kubembea, yaani kila upande unapanda na kushuka ukibembea kutoka kwenye gia boksi, na ukishalishusha kwenye jeki magurudumu hubaki yamejikunyata ndani kwa chini, gari linakaa juu kwa sentimita kadhaa mpaka litembee. Nimeona watu wakipima dakika hiyohiyo wanashusha jeki halafu wanashangaa namba zinabadilika kila mara.

Hapo sasa unakuja mtihani ambao hakuna aliyenifundisha, niliuona kwa mzee mmoja anayetengeneza magari ya zamani, na ndio uliofungua macho yangu. Gari lina miguu minne, na kama meza, mguu mmoja ukiwa mfupi huwezi kujua ni upi kwa kuangalia kona iliyoshuka. Kona ya nyuma kushoto inaweza kushuka kwa sababu ya springi yake, au kwa sababu mbele kulia imenyanyuka, au mbele kushoto imeshuka. Kwa hiyo unauondoa ushahidi wa mbele. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, weka jeki chini ya mabomba mawili ya ekseli ya mbele, katikati kabisa, na kipande kifupi cha mbao katikati ya jeki na bomba. Nyanyua mpaka magurudumu ya mbele yaachie sakafu kidogo tu. Sasa mbele imesimama juu ya nukta moja, gari liko huru kuegemea linakotaka, na linaegemea kufuata springi za nyuma peke yake. Pima nyuma. Stendi ziwe pembeni karibu kugusa, na usiingie chini, unapima kutokea nje tu.

Gari langu lilipokaa hivyo, tofauti ya nyuma ikawa milimita 14. Nikafanya kinyume chake, nyuma juu ya nukta moja chini ya gia boksi na ubao mpana, nikapima mbele, nikaona mbele ndiyo inachangia zile 3. Tatu kwa gari lenye umri huu niliziacha. Nasema hivi wazi kwa sababu kuna watu watakwambia lazima iwe sifuri. Mbele ya gari hili imejazwa vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa ndani ya mabomba na kushikwa katikati na skrubu, na kiwandani hakukuwekwa kitu cha kurekebisha kimo. Vifaa vya kurekebisha vipo, lakini unakata bomba na kuchomelea. Kwa milimita 3? Hapana.

Kwa hiyo umeshajua kosa liko nyuma, na ni la milimita ngapi. Hapo ndipo tunafungua.

Tosheni baa ni nondo ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kusokotwa. Ziko mbili nyuma, zimelala kwa upana wa gari ndani ya bomba moja. Ncha ya ndani ya kila nondo imeshikwa katikati ya bomba na haizunguki. Ncha ya nje inaingia kwenye pleti ndefu ya chuma inayokwenda nyuma hadi kwenye ekseli. Gurudumu likipanda, pleti inapanda, nondo inasokoteka. Ofisi ya Ferdinand Porsche iliupatia mpango huu hataza mwaka 1931, na Citroën wakauweka kwenye Traction Avant mwaka 1934, kwa hiyo si kitu cha ajabu, magari mengi ya zamani yanao.

Ujanja uko kwenye meno. Ncha ya ndani ina meno 40, ya nje ina meno 44. Duara ni digrii 360, kwa hiyo jino moja la ndani ni digrii 9 kamili, na jino moja la nje ni digrii 8 na dakika kama 11 (digrii moja ina dakika 60). Sasa fikiria mtu anayekwambia zungusha jino moja. Pleti ina urefu wa karibu sentimita 40. Digrii 9 kwenye urefu huo ni zaidi ya sentimita 6 kwenye ncha! Mimi nilikuwa natafuta moja na nusu. Ndiyo maana waliweka hesabu mbili za meno zisizolingana: unazungusha jino moja la ndani kwenda upande wa kunyanyua, halafu jino moja la nje kurudi upande wa kushusha, na kinachobaki ni tofauti yake, kama dakika 50 za pembe, ambayo ni karibu milimita 6 kwenye ncha ya pleti. Hiyo ndiyo hatua ndogo kuliko zote. Porsche 911 nyuma ina meno hayohayo, 40 na 44. Jaguar E-Type mbele ni 24 na 25, mchezo uleule kwa namba nyingine.

Kufungua kwenyewe. Kabari mbele, gari kwenye stendi madhubuti chini ya chesisi, gurudumu nje, brekimkono imeachiwa na kebo yake imelegezwa. Chukua patasi, piga alama moja inayovuka pleti na mdomo wa ekseli pale vinapokutana, maana matundu ya boliti pale ni marefu, na hiyo alama ndiyo itakayokurudishia mwelekeo wa gurudumu. Usitumie chaki wala kalamu, utaifuta kwa mkono wenye grisi na utaisahau. Fungua boliti ya chini ya shokapu, fungua boliti za ekseli, sukuma ekseli nyuma itoke kwenye pleti, huku ukiangalia mpira wa breki usivutike. Kisha fungua boliti nne za kifuniko cha bushi, ile duara ya mpira inayobeba ncha ya nje ya nondo.

Hapa nisikilize vizuri. Pleti ile haijakaa imetulia. Imeegemea kizuizi cha chuma na nyuma yake kuna nondo iliyosokotwa tayari. Ukiichomoa kwenye kizuizi kwa wenzo bila kuishika, inashuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Nyororo ilinisaidia: niliifunga kuzunguka juu ya pale shokapu inaposhikwa, ikashuka hadi kushika jeki, ili jeki inaponyanyua pleti ijivute dhidi ya gari lenyewe. Bila nyororo, jeki inanyanyua gari kutoka kwenye stendi badala ya kunyanyua pleti. Nyanyua pleti kidogo, ivute nje ipite kizuizi, shusha jeki polepole mpaka nondo inyamaze. Uso wako na magoti yako yasiwe chini ya njia yake, na asisimame mtu nyuma yake.

Pleti ikishaning'inia bila mzigo ndipo unapima pembe yake, yaani imeshuka digrii ngapi chini ya usawa, na hii ndiyo namba ya kweli. Haijali tairi, haijali mafuta kwenye tangi, haijali nani amekaa ndani. Kitabu cha gari langu kilitaka digrii 17 na dakika 30, na ruhusa ya dakika 50 juu au chini. Angalia kitabu cha gari lako, kwa sababu namba hiyo ilibadilika kwa miaka na kwa aina ya ekseli. Kwanza weka kipima pembe kwenye kizingiti cha mlango usome chesisi yenyewe imeinama kiasi gani juu ya stendi, mimi yangu ilikuwa digrii 1 na dakika 20. Kisha weka kwenye pleti, uinyanyue kwa vidole tu kuondoa ulegevu, usome. Jumlisha au toa, kutegemea chesisi imeinamia wapi. Ukisahau hiyo ya kizingiti, kila kitu kinachofuata ni takataka.

Kulia nilipata digrii 17 na dakika 20, yaani iko ndani ya ruhusa, sikuigusa. Kushoto nilipata digrii 15 na dakika 50. Tofauti ya digrii moja na nusu, ambayo kwenye urefu wa pleti ni kama milimita 10 na ushei. Nikauliza, mbona nilipima 14? Bushi. Ile duara ya mpira inayobeba ncha ya nje ya nondo ilikuwa imeliwa upande wa juu mpaka tundu limekuwa yai. Milimita tatu zote zilizobaki zilikuwa pale. Kwa hiyo hata kabla ya meno, badilisha bushi. Ni za bei ya mwisho kufikiriwa katika kazi hii, na tayari umeshafungua. Za kiwandani zimeandikwa OBEN, neno la Kijerumani la "juu", na lazima lielekee juu. Zipake poda ya talki, si grisi, grisi inaula mpira.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa nahitaji hatua mbili, yaani meno mawili ndani kwenda kunyanyua na mawili nje kurudi. Ilikuwa jioni, nina haraka. Nikavuta nondo, nikazungusha ndani jino moja kunyanyua, nikarudisha, nikachomeka pleti nje jino moja, na hilo la nje nikalipeleka upande uleule wa kunyanyua. Sikulijua kosa mpaka nilipoachia pleti. Ikaning'inia imeelekea chini kabisa, kama mkono wa mtu aliyezimia. Nikapima: digrii 33 na kidogo. Yaani badala ya kutoa 8 kwenye 9, nilijumlisha, nikapata 17 za ziada! Kuirudisha juu ya kizuizi kwa hali ile jeki lingelia. Na ningefaulu, gari lingesimama upande mmoja kama mbuzi anayefikia majani ya mti.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kabla sijavuta chochote, napiga nukta tatu za rangi: moja kwenye pleti, moja kwenye uso wa nje wa nondo, moja kwenye bomba, zote zimepangana. Pleti na nondo vikitoka pamoja na kurudi vikiwa vimehama dhidi ya bomba, hilo ni jino la ndani. Pleti ikihama dhidi ya nondo, hilo ni la nje. Macho yanaona, huhitaji kukumbuka saa inazunguka wapi, maana kushoto na kulia ni kinyume. Na unapima pembe baada ya kila hatua, si mwisho. Hatua ya kwanza ilinipa digrii 16 na dakika 40 hivi, ya pili ikanipa 17 na nusu pungufu ya dakika chache. Nikasimama hapo.

Ili ncha ya ndani iachie meno yake nondo inabidi ivutwe nje kiasi, na madigadi yanaziba. Legeza boliti za mbele za madigadi uyasogeze, usilazimishe. Nondo usiikwaruze kwa bisibisi wala kuishika kwa koleo. Mkwaruzo mdogo kwenye chuma kinachosokotwa maelfu ya mara ndipo ufa unapoanzia. Kama rangi yake imetoka, isafishe uipake tena. Kama ina shimo la kutu linaloshika ukucha, tafuta nyingine. Na usibadilishane ya kushoto na ya kulia, zimeandikwa L na R, kiwandani zilishasokotwa kuelekea upande wake. Meno yapake grisi.

Kurudisha kifuniko cha bushi mpya ni kazi ya kutukana, kwa sababu mpira ni mnene kuliko nafasi na boliti za kawaida hazifiki. Tumia mbili ndefu zaidi kukivuta kwanza, pembe kwa pembe, kisha zile za kawaida. Hakikisha kifuniko kinabana wakati pleti iko karibu na kimo cha kawaida, kwa hiyo nyanyua pleti ikae juu ya kizuizi kwanza. Ukibana mpira ikiwa inaning'inia, utausokota siku zote.

Nilipolishusha, nikalitembeza, nikalikandamiza bampa, nikapima: tofauti milimita 2. Baada ya kilomita kama mia mbili, mpira ukishakaa, ikawa 1.

Usikimbilie barabarani na kasi, nenda alaimenti. Kwenye ekseli ya kubembea kimo na mkao wa gurudumu ni kitu kimoja: ukinyanyua nyuma, magurudumu yanasimama yamefunguka juu na kujikunja chini, na kwenye kona kali gurudumu la nje linaweza kujikunja ndani gari likapoteza mshiko ghafla. Kwa hiyo wale wanaotaka nyuma juu kwa sababu ya mizigo, kwa gari hili si wazo zuri. Ukishusha sana nako, tairi linalika ndani. Kimo cha kitabu kipo kwa sababu.

Kuna wenzetu wengine humu walidandia swali lako na magari mengine, nao niwape kidogo, ila sitaongeza nisichokigusa kwa mikono yangu au kukiona kikifanywa.

Mwenye springi za koili mbele na mikono miwili, kumbuka springi haikai kwenye gurudumu, inakaa katikati ya mkono. Kama imekaa nusu ya njia, spesa ya milimita 10 inakupa karibu 20 kwenye gurudumu. Watu wanaweka spesa ya 20 wakitaka 20, wanapata 40. Kukata koili kunashusha gari lakini kunafanya springi iwe ngumu zaidi, kwa sababu koili zilizobaki ni chache. Kuipasha moto kwa gesi ili ikae ni kuiua, chuma kinapoteza ugumu wake na kinaendelea kushuka. Na bushi za aina ile ambayo mpira umegandishwa kwenye chuma, boliti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa kwenye stendi. Nimeona gari lililokaa juu sentimita mbili kwa mwezi mzima, kisha mpira ukachanika na likashuka lenyewe, mwenyewe ameshanunua springi mpya.

Mwenye springi za majani, kabla ya kununua angalia pini na bushi za shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi). Ukirefusha shakeli kwa sentimita 4 usitegemee 4, ni kama 2, maana unanyanyua ncha moja tu ya springi, na kwa kufanya hivyo unaiinamisha ekseli. Jani lililonyooka linakunjwa upya na mtu mwenye tanuru anayejua kulikoleza, au linabadilishwa. Kulia na kushoto pamoja, siku zote.

Mwenye Mini, jua kwanza ni ipi. Zile za koni za mpira alizobuni Alex Moulton zinashuka kwa sababu mpira wenyewe umechoka, na kirefusho cha kurekebisha unachofunga kinaficha uchovu huo tu. Zile za Hydrolastic, zilizoanza 1964, zina maji yenye shinikizo, na mbele imeunganishwa na nyuma ya upande uleule. Upande mzima ukilala, kuna uvujaji, hakuna cha kuzungusha.

Mwenye tosheni baa zenye skrubu ya kurekebisha, kama Traction Avant au 911 mbele, shukuru. Ila ondoa uzito kabla ya kuzungusha, hesabu mizunguko uandike, na ukigusa kona moja rudi upime zote nne, hasa ile ya mkabala kwa mshazari. Robo tatu ya muda ni kusukuma gari mbele na nyuma ili likae.

Turudi kwako mkuu. Usifungue kitu wikiendi hii. Weka hapa namba nne, katikati ya rimu hadi boliti ya juu ya madigadi kwa kila kona, gari likiwa tupu na tairi zimejazwa upepo sawa. Kisha namba mbili za nyuma mbele ikiwa juu ya nukta moja, na mbili za mbele nyuma ikiwa juu ya nukta moja. Piga na picha ya bushi kwa karibu, kutokea pembeni, na tochi. Ukishafunga kila kitu usisahau kurekebisha taa za mbele, maana nyuma ikipanda zinamulika miguuni pako.